Dracaufeu-EX, Dracaufeu-ex na Charizard ex: ni kadi moja au?

mgebuka_mkavu (Mwanga, Kigoma)
Wadau habari za jioni. Huku tunacheza Pokémon ya kadi washkaji kadhaa na kadi zetu nusu Kiingereza nusu Kifaransa maana nyingi zinaingia na ndugu wanaotoka Bujumbura na Kalemie, sasa nimetupiwa kazi ya kuziorodhesha zote kwenye Excel ili mtu akileta deki tuone kama hajazidisha. Jamaa mmoja ana Charizard ex nne na Dracaufeu-ex mbili, anasema majina tofauti kwa hiyo yuko salama. Mwingine ana Dracaufeu-EX, anaambiwa ni ileile. Hicho kistari kinahesabika au pambo tu? Nilitaka nivifute vyote listi ikae safi

baba_ujiji
Usifute kitu mkuu!! Charizard kwa Kifaransa ndo Dracaufeu, lugha haibadilishi kitu, huyo ana sita za jina moja na mwisho ni nne kwenye deki ya kadi 60, atoe mbili. Ila EX ya herufi kubwa ni kadi nyingine kabisa, ile ya 2014 unaishusha mezani moja kwa moja, hii ex ndogo ya 2023 mpaka uanze na Charmander upande Charmeleon ndo uifikie, labda uwe na Rare Candy, kadi ya kumruka Charmeleon. Kinachowavuruga ni kwamba Kiingereza wanaandika Charizard-EX na kistari, Charizard ex bila kistari, Wafaransa wao wamepiga kistari kotekote. Ukikitegemea kwenye kadi ya Kifaransa umeliwa, angalia herufi

fundi_simu_tbr (Tabora)
Hapo kwenye herufi Excel itakuangusha dogo, COUNTIF, ile fomula yake ya kuhesabu, haijali kubwa na ndogo, Dracaufeu-EX na Dracaufeu-ex inahesabu kitu kimoja. Weka safu ya jina kama lilivyochapwa, safu ya jina la Kiingereza, na namba ya chini ya kadi pamoja na seti yake. Kuhesabu uhesabie kwenye Kiingereza, maana huko kistari ndo kinazitenganisha, ukikifuta ukaacha nafasi zinarudi kuwa moja tena

mzee_wa_duel
Mngekuwa mnacheza Yu-Gi-Oh!, ule mchezo mwingine wa kadi, mngelia. Kule kadi inaweza kusema tafuta yoyote yenye Harpie kwenye jina, sasa kulikuwa na Harpie's Brother ambaye kwa Kijapani wala hakuwa wa ukoo huo, ikabidi wambadilishe jina awe Sky Scout. Uzuri wetu kadi karibu zote zina namba ya tarakimu 8 chini kushoto, lugha yoyote namba ileile, tunaorodhesha kwa hiyo

mgebuka_mkavu
Aisee asanteni. Mwenye sita kanuna, anasema atatoa za Kiingereza maana za Kifaransa zinang'aa zaidi 😂 na nukta ya Mr. Mime niiache?

baba_ujiji
Iache, kwa Kifaransa utamkuta M. Mime na nukta yake pia. Farfetch'd na kialama chake. Halafu Nidoran ♀ na Nidoran ♂ usije ukazijumlisha, hao ni wawili, kila mmoja na nne zake