Naomba ushauri: besi ya nyuzi tano, amplifaya, na kinachomfanya mtu aitwe mpiga besi wa kazi

Besi wa Uyole

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninaishi Uyole hapa Mbeya, nina umri wa miaka 26, na kwa miaka sita sasa ninapiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisa letu. Mchana ninauza vipuri vya pikipiki Mwanjelwa. Miezi miwili iliyopita bendi moja inayotumbuiza harusini iliondokewa na mpiga besi wake aliyehamia Dodoma, nao wakaniita nishike nafasi hiyo kwa majaribio.

Maonyesho mawili ya mwanzo yalikwenda vizuri. La tatu lilikuwa Tukuyu, na hapo niliaibika. Kulikuwa na wimbo katika ufunguo wa G ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi wiki nzima. Tulipofika ukumbini, dada wa bibi harusi akaomba kuuimba yeye, na mpiga kinanda akabonyeza kitufe kupandisha wimbo hadi A flati, nusu sauti juu ya G, ili umfae sauti yake. Nikaanza kutafuta sauti ambazo nimezoea kuzipata kwenye nyuzi zilizo wazi, yaani zisizobonyezwa, sikuzipata, na karibu nusu ya wimbo nilikaa kimya huku mpiga dramu akinitazama. Tukiwa njiani kurudi, kiongozi wa bendi aliniambia bila hasira kwamba mkono wangu ni mzuri, lakini bado mimi ni mpiga besi wa kwaya na sijawa mpiga besi wa kazi. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Nimeweka akiba ya shilingi 1,400,000. Naomba kujua kama ninunue besi ya nyuzi tano, kwa kuwa ninayotumia ni ya nyuzi nne, ni kuukuu, na inakwaruza kwenye freti za mwanzo (vile vyuma vilivyokatiza shingo), au ninunue amplifaya yangu mwenyewe. Pia naomba mnieleze, ninyi mnaoishi kwa kazi hii, mpiga besi wa kazi anapimwa kwa lipi, na kama ni busara niache duka.

Fundi wa Mafiati

Karibu sana, mdogo wangu. Mimi natengeneza magitaa na vipaza sauti, kwa hiyo nitajibu yale ya mikono yangu tu na mengine nitawaachia wenye jukwaa.

Usinunue besi ya nyuzi tano sasa. Uzi wa nne wa besi yako, ule mnene unaoitwa E, unatoa mtikisiko wa takriban mara 41 kwa sekunde. Uzi wa tano, yaani B, unashuka hadi karibu 31. Spika nyingi zinazofungwa kwenye kumbi zetu ni zile za kuimbia, na hata hiyo 41 zinaitoa kwa shida. Kinachosikika ni vivuli vya juu vya sauti ile, na sikio linajaza pengo lenyewe. Utalipia uzi ambao watu waliokaa meza ya tatu hawatausikia. Kampuni ya Fender ilipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951 ilikuwa na nyuzi nne, na kwa besi ya aina hiyo hiyo ya mwaka 1962 mpiga besi James Jamerson alipiga sehemu kubwa ya nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, akitumia kidole kimoja cha shahada na nyuzi nene laini ambazo hakupenda kuzibadilisha. Sikuambii usibadilishe nyuzi. Nakuambia kwamba chombo chako hakijafika mwisho wa uwezo wake.

Hilo la kukwaruza nadhani ninalijua kabla sijaliona. Huku kwetu mvua hukatika Mei, kisha inafuata miezi ya ubaridi mkavu. Mbao ya shingo hupoteza unyevu, hunyooka kupita kiasi, na nyuzi zinaanza kugusa freti za mwanzo. Masika yakirudi shingo hupinda mbele, nyuzi zinakuwa juu, na mtu anadhani vidole vyake vimelegea. Jipime hivi: tuni gitaa kwanza, kisha bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja, halafu tazama nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Panapaswa kupita kitu chembamba kama kadi ya mwaliko. Ikiwa uzi umelala kabisa juu ya freti, chuma kilichomo ndani ya shingo kinahitaji kulegezwa, robo ya mzunguko tu kwa mara moja, kisha unatuni upya na kupima tena kabla ya kuendelea. Ukisikia chuma kimekaza, acha, usikilazimishe. Shingo ikishakaa sawa ndipo tunapanga kimo cha nyuzi, ambacho kwenye freti ya 12 huwa karibu milimita 2.4 kwa uzi mnene na 2 kwa uzi mwembamba.

Mzee wa Kihesa

Kamwene. Naandika kutoka Iringa, ambako nilikulia nikisikiliza Tancut Almasi Orchestra wakati bendi hiyo ikiwa chini ya kiwanda cha kuchonga almasi kilichokuwa hapa mjini. Nilipiga besi kwenye bendi za dansi kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa nafundisha vijana wachache nyumbani.

Kijana wangu, nimesoma maelezo yako mara mbili, nami naona kiongozi wako amekupa lawama sahihi kwa jina lisilo sahihi. Kwaya haikukuangusha Tukuyu. Uliangushwa na kuacha nje ya mlango wa ukumbi kile ulichofundishwa na kwaya. Niambie, kwenye kwaya yenu wimbo mpya mnaufundishwaje? Bila shaka mwalimu anaandika ubaoni do, re, mi, fa, so, na kila sauti inapewa mstari wake. Tena mwalimu akiona sauti ya kwanza wanakaukiwa, anashusha wimbo na kutoa do mpya, na hakuna hata mwimbaji mmoja anayepotea, kwa sababu mnaimba umbali kati ya sauti na sauti, na do inaweza kukaa popote. Hivyo ndivyo mpiga besi wa kazi anavyofikiri. Wewe uliukariri wimbo ule kama namba za freti pamoja na nyuzi zilizo wazi, na G inakubembeleza kufanya hivyo, kwa sababu nyuzi zote nne za besi zimo ndani ya G. Ukipanda hadi A flati, ni uzi mmoja tu kati ya zile nne unaobaki ndani ya wimbo. Ndiyo maana mkono ulikosa pa kushika.

Fanya zoezi hili kwa mwezi mzima. Weka do kwenye uzi mnene, freti ya tatu; hiyo ni G. Fa iko freti ile ile kwenye uzi unaofuata, na so iko freti mbili mbele yake. Piga wimbo mzima bila kugusa uzi ulio wazi hata mara moja, huku ukiimba majina kwa sauti: do, fa, so, do. Kisha sogeza mkono mzima freti moja mbele na uupige tena bila kubadilisha chochote. Hapo umekwisha fika A flati. Mpiga kinanda anacho kitufe. Wewe unao mkono, nao ukizoea hautakuchelewesha zaidi ya kitufe chake. Nyimbo za harusi zinazoombwa Mbeya na Iringa nyingi zinasimama juu ya hizo tatu, pamoja na la inayoingia pale kibwagizo kinapogeuka. Zikikaa masikioni utaweza kufuata hata wimbo ambao hujawahi kuupiga.

Umeuliza mpiga besi wa kazi anapimwa kwa lipi. Zamani zetu jibu lilikuwa jepesi, kwa sababu bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Majeshi na mashirika ya umma nayo yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, chombo kilikuwa cha mwajiri, na mazoezi yalikuwa saa za kazi. Leo chombo ni chako, mazoezi ni muda wako, na hakuna anayekulipa kwa kujifunza. Mimi nampima mpiga besi kwa namna mpiga dramu anavyokaa akiwa naye. Akiwa ametulia, hageuki kumtafuta mwenzake kwa macho, basi kuna besi pale. Umesema mwenyewe kwamba wa kwenu alikuwa akikutazama. Huyo ndiye mtu wa kumfuata sasa. Mwombe saa moja kwa wiki, ninyi wawili tu, besi na ngoma ya mguu, bila kinanda wala mwimbaji.

Dada wa Makambako

Salamu zenu nyote. Ninaongoza bendi ya harusi na sherehe huku Njombe, na mimi ndiye ninayewaita wapigaji na kuwalipa, kwa hiyo nitasema kwa upande wa mwajiri.

Mzee wa Kihesa amesema kweli kuhusu sikio, lakini kuna wapigaji wenye sikio zuri kuliko wote ambao siwaiti tena. Ninayemwita ni yule ambaye mambo yakianza saa kumi, yeye saa nane yuko ukumbini, waya wake amekuja nao na mwingine wa akiba, gitaa limetuniwa kabla wageni hawajaketi, na mshereheshaji anapozungumza hajaribu sebene chini chini. Nampenda pia anayejua kunyamaza. Wakati wa kulisha keki mpiga besi hana mengi ya kufanya, na anayekubali kupiga sauti nne kwa kila mzunguko bila kujionyesha, mimi humlipa kwa furaha.

Kwenye pesa uwe wazi mapema. Kubalianeni kiasi, nauli, chakula, na nini kitatokea sherehe ikivuka saa sita usiku, tena iwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Nilipokuwa mpigaji nilirudishwa nyumbani na nauli tu baada ya kupiga usiku kucha kwenye ukumbi mmoja, kwa sababu tulikuwa tumeelewana kwa mdomo na aliyeelewana nasi alikuwa amekwisha kuondoka.

Kuhusu amplifaya, simuungi mkono anayekwambia ukimbilie kubwa. Harusi zangu nyingi zina mitambo ya kukodi, na kiboksi cha DI kinachopeleka besi yako moja kwa moja kwenye miksa kinanitosha. Kinaingia mfukoni, na kwenye basi la kwenda Ludewa hakilipiwi mzigo.

Fundi wa Mafiati

Dada, kiboksi naafiki, na awe nacho kwanza. Ila kwenye kumbi ndogo za huku hamna spika ya kumrudishia mpigaji sauti yake, na asipojisikia atapiga kwa nguvu hadi mkono umuume. Amplifaya ndogo ya besi ya wati 40 inamfaa kwa mazoezi ya nyumbani na kwa kujisikia jukwaani. Kumshinda mpiga dramu bila miksa kunahitaji wati 200 au 300, na hizo hazimhusu kwa sasa. Kuunganisha besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo kwa sauti ya juu nakukataza kabisa. Nimeona spika nyingi zilizopasuka kwa njia hiyo.

Kama utaletewa chombo kilichotumika Marekani, soma nyuma kabla hujakichomeka. Umeme wao ni volti 120 na wetu ni 230. Na ukumbini, hasa panapotumika jenereta, ukisikia mdomo unawashwa na maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga papo hapo na umwite fundi mitambo. Huenda waya wa ardhi haupo, na hilo linaweza kuua.

Mkaanga Sauti

Ndugu, mimi nasema acha duka, panda TAZARA uende Dar es Salaam. Mbeya haina bendi za kutosha kumlisha mpiga besi, na kipaji kinazeeka.

Mzee wa Kihesa

Namheshimu aliyetangulia, lakini sikubaliani naye. Mwenye kwaya anajua kwamba wakati wa Kwaresima harusi hukatika makanisani, na miezi ya mvua, kabla mazao hayajatoka shambani, watu hawana fedha za sherehe. Msimu wetu mnene unaanza Juni. Mpigaji asiye na kipato kingine hujikuta Machi anauza amplifaya aliyoinunua Septemba, nami nimewahi kuwa muuzaji huyo. Duka lisikuondokee hadi utakapopita mwaka mzima, pamoja na miezi isiyo na kazi, ukiwa umeandika kila shilingi iliyoingia kwa besi.

Besi wa Uyole

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu mliyonielekeza. Uzi mnene umelala juu ya freti kabisa, kadi haipiti. Sikugusa chuma. Wimbo wa Tukuyu nimeupiga kwa sol-fa tangu G hadi B flati bila uzi ulio wazi. Mara ya kwanza nilikosea pale kwenye la, baadaye ukakaa. Mwalimu wetu wa kwaya alinikuta nikiimba do, fa, so peke yangu, akakaa akanishikia sauti ya tatu.

Mpiga dramu amekubali Alhamisi jioni. Kwa akiba yangu nimeamua nitengeneze besi, ninunue nyuzi mpya, kiboksi cha DI na waya mbili, kisha kinachobaki kingoje amplifaya ya wati 40. Jumamosi ya wiki ijayo tuna harusi Mbalizi, nami nimemwandikia kiongozi ujumbe kuuliza malipo na saa ya kuondoka ukumbini. Amejibu yote.

Fundi, naweza kukuletea gitaa lini, na je, nizitoe nyuzi kabla ya kuja?

Fundi wa Mafiati

Njoo Jumanne asubuhi. Usizitoe nyuzi, ziache zikiwa zimetuniwa kama unavyopiga, maana shingo napenda kuiona ikiwa chini ya mzigo wake. Nyuzi mpya njoo nazo, seti ya unene wa 45 hadi 105 kwa besi ambayo uzi wake, kutoka kichwani mwa shingo hadi kwenye daraja, ni inchi 34, na usiifungue mpaka tuwe tumeipima pamoja.