Nina chupa 36 za bia ya nyumbani zisizo na gesi, nizimimine kwenye kegi?

Mpishi_Mgeni: Wakuu, heshima kwenu. Nilipika bia ya ale lita 19, nikajaza chupa 38 za nusu lita. Leo wiki ya pili. Juzi nikapata kegi ya mtumba, zile za soda, pamoja na mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, basi mikono inaniwasha! Jana nimefungua chupa mbili: ya kwanza imetoa "tss" ya kinyonge, ya pili kimya kabisa. Nawaza nifungue zote, nimimine kwenye kegi, niisukumie gesi yaishe. Kuna ubaya gani?

Hamira_Mzee: Usithubutu mkuu. Adui hapo ni hewa. Kila chupa unayoinamisha, bia inaporomoka ikibeba oksijeni, tena mara 36. Nilishafanya ujinga huo. Nusu ya kegi ilijaa povu, nikasubiri hadi miguu ikafa ganzi. Siku tatu za mwanzo bia tamu, nikajisifu. Wiki ya pili imegeuka kahawia na inanuka boksi lililoloa. Nikaimwaga yote.

Kizibo: Zinywe hivyo hivyo moja moja, tatizo litaisha lenyewe 😂

Dada_Shayiri: Kabla ya kegi, chupa zimekaa wapi? Na sukari uliichanganyaje?

Mpishi_Mgeni: Stoo, sakafuni. Kipimajoto kinasoma nyuzi 14. Sukari niliweka kwa kijiko, chupa moja moja.

Dada_Shayiri: Basi hamira yako imelala tu kwa baridi, haijageuza sukari kuwa gesi. Hamishia chupa penye nyuzi 20 hadi 22, zipindue taratibu mashapo yaamke, uzipe wiki mbili nyingine. Ila kijiko hakipimi sawa, kuna chupa imepata sukari nyingi kuliko mwenzake. Ziweke ndani ya kreti, zifunike na blanketi zito. Chupa ikipasuka, vigae vyake havichagui jicho. Mara nyingine chemsha sukari na maji kidogo, changanya na bia yote ndipo ujaze.

Hamira_Mzee: Na kama umeshaapa lazima kegi, zipoze kwanza siku mbili karibu na nyuzi 1, gesi itulie ndani ya bia. Jaza kegi maji ya dawa ya kuua vijidudu hadi pomoni, yasukume yote yatoke kwa gesi. Shusha bia kwa mpira unaogusa chini ya kegi, mashapo yabaki kwenye chupa. Funga, toa hewa ya juu kwenye vali mara kadhaa, kisha gesi kwa shinikizo la baa 0.8 kwenye nyuzi 4, wiki nzima. Halafu inyweni haraka.

Mpishi_Mgeni: Nimenyoosha mikono. Chupa ziko jikoni chini ya blanketi, kegi itasubiri mpiko ujao. Ila hii kegi inanuka soda ya machungwa hata baada ya kuiosha mara mbili?

Dada_Shayiri: Harufu iko kwenye raba za kuzibia kegi. Badilisha zote, hata zile ndogo za kwenye mirija.