Enjelfishi niwaweke na nani?

Ngosha_Nyegezi: Wakuu habari za jioni, nina akwariamu (tenki la kioo la kufugia samaki) ya lita 400 hapa Nyegezi, Mwanza, ndani kuna enjelfishi, wale samaki wa mapambo wenye mapezi marefu, sita bado wadogo kama sarafu ya mia mbili, naona limepwaya sana. Nawaza nishuke Ziwa Victoria nitege furu wachache, vile visamaki vya ziwani, wale wenye rangi niwachanganye, si wote samaki tu? Au neoni tetra, wale wadogo wanaong'aa?

Dada_Koridora: Furu usithubutu mdogo wangu. Dume akishajimilikisha kona anafukuza kila kinachopita, na enjeli na yale mapezi yake marefu atachanwachanwa tu, halafu wa ziwani wanaweza kukuletea minyoo. Enjeli kwao ni Amazoni, maji yametulia, joto nyuzi 25 mpaka 28, so tafuta wapole wa hukohuko, koridora (kambare wadogo wa mapambo) sita hivi wa kuokota masalia chini na pleko (kambare wa kulamba mwani) mmoja yule mdogo mwenye ndevu. Neoni saa hizi watakaa fresh ila enjeli wakikua hao ni dagaa, utaamka unahesabu hesabu haitimii.

mzee wa mwaloni: taiga babi, wale samaki wenye milia, nao achana nao, wanadonoa mapezi balaa

Ngosha_Nyegezi: Asante dada. Na kasato kadogo kamoja tu?

mzee wa mwaloni: sato wa ugali huyo mkuu 😂 atajaa tenki zima. Ila jiandae, hao sita wakianza kushika jozi na kutaga watagombana wenyewe kwa wenyewe, hata koridora hatapata amani