Masta ya ukunga au afya ya jamii? Wakunga wa leba naombeni mawazo

Zamu_ya_Usiku
Habari za humu wakuu. Mi ni mkunga nina digrii, niko kituo cha afya cha serikali huku Kanda ya Ziwa, leba ndo kwangu, na kazini nimeshathibitishwa kitambo. Mwakani nataka nikasome masta ila kuchagua ndo kunanitoa jasho. Moyo unataka ile ya Muhimbili (MUHAS) ya ukunga na afya ya wanawake, lakini kila ninayemuuliza kazini ananiambia dada soma afya ya jamii upate kazi za miradi, hiyo ya ukunga utarudi kuzalisha tu kama wenzako wenye cheti. Na je ruhusa mwajiri anatoa kweli au mpaka uache kazi? Waliopita njia hiyo nisaidieni, kejeli sitaki 😂

Mtu_wa_Takwimu
Soma afya ya jamii dada usipoteze muda. Vifo vya akina mama kwa uzazi vilikuwa 556 kwa vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, ule wa 2022 ukaleta 104. Unadhani ni mkunga mmoja mmoja na masta yake? Ni mipango bana, vituo kuwekewa chumba cha upasuaji, damu kupatikana, mama kukimbizwa na gari la m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura. Anayepanga hayo hayuko leba.

Mama_Partografu
Mtu wa takwimu umeongea ila nusu. Gari likishamfikisha mama anapokelewa na nani? Na mkunga wa zamu, saa tisa usiku, peke yake.

Angalia utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Sote tunajua damu ya baada ya kujifungua tulivyokuwa tunaikadiria kwa macho, unaangalia khanga ililowa vipi unaandika mililita mia tatu, kumbe mama keshapoteza nusu lita na zaidi. Wale wakaweka mfuko wa plastiki wenye mistari chini ya mama unasoma mwenyewe, na ikionekana inazidi unafanya vyote kwa mkupuo, kusugua mji wa uzazi, oksitosini ya kukaza mji, dawa ya tranexamic ya kugandisha damu, dripu, na kukagua inatokea wapi, sio unajaribu kimoja unasubiri. Damu nyingi zile za hatari, upasuaji wa kuizuia na vifo vyake, vikihesabiwa kwa pamoja vilishuka 60%. Hiyo ni kazi ya mkunga anayejua kwa nini anafanya anachofanya, na anayeweza kumwambia daktari hapana tusisubiri.

Mi nimesoma hiyo ya ukunga, miaka miwili. Mwaka wa kwanza darasa na wodi, wa pili utafiti. Chagua mada inayokukera hapo hapo kazini. Mwenzangu mmoja alifanya ya partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, maana wote tunajua inajazwa mtoto keshazaliwa na yuko kwenye titi 😅 Supavaiza akimaliza kucheka alimwambia haya, kaipime.

kijana_wa_diploma
Samahani naingilia, mi nina diploma ya uuguzi na ukunga naweza kuingia masta moja kwa moja?

Mama_Partografu
Hapana mdogo wangu, digrii kwanza, na uipige vizuri, GPA ikiwa chini ya 2.7 utahangaika.

Patroni_Mstaafu
Nawasalimu wote. Niwaulize, kwa nini mnaongea kama mafunzo ni chuoni tu? Angalieni mradi wa Safer Births, ulianzia hospitali ya Haydom ukaenda hospitali 30 za mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Watu hawakwenda kukaa semina hotelini wale posho warudi wamesahau. Mdoli wa mazoezi na ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, vipo hapo hapo wodini, mnapokezana mazoezi mafupi mafupi kila mara, mpaka ile dakika ya kwanza mtoto hajalia mkono unajua wenyewe pa kwenda. Vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vilishuka 40%. Nimeona wenye masta wanaoshika ambu kama wanashika nyoka. Nenda chuo binti yangu, ila ukirudi usikimbilie ofisi, ukasimamie mazoezi hayo.

Ruhusa inatoka, ila jina lako liwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri KABLA hujaomba chuo. Anza na mganga mfawidhi, barua ipite kwake iende kwa mkurugenzi, nakala baki nayo. Wanaoondoka kienyeji ndio wanaosimamishiwa mshahara.

Zamu_ya_Usiku
Shikamoo mzee wangu, asante sana, na wote. Naelekea ukunga. Ila hamjanijibu la mshahara, ukirudi unapanda?

Mama_Partografu
Hapo usidanganywe na mtu. Mi nilirudi nikakaa muda mrefu cheo kile kile, barua ya kubadilishiwa muundo, yaani ngazi ya cheo na mshahara, inazunguka kwenye meza za watu. Fuatilia na afisa utumishi mapema, kabla hujaondoka muulize muundo wako unasemaje kuhusu masta ya ukunga, na akujibu kwa maandishi.

Mtu_wa_Takwimu
Si nilisema 😂 miradi inalipa

Patroni_Mstaafu
Miradi inaisha kijana. Binti, dirisha la bajeti ya halmashauri linafungwa mapema, peleka jina mwezi huu.