Kuleta mabadiliko kazini bila mabavu, tupeane uzoefu

Habarini wadau, nimepewa idara ya watu 11 na bosi anataka tuache madaftari tuhamie kwenye programu ya kompyuta, sura zimeshanuna kabla hata sijafungua mdomo. Mliopitia hili mlifanyaje?

– Mimi nilianza na mzee wa stoo maana wote walikuwa wanamtazama yeye. Ana kaunta buku limevalishwa gazeti, kalamu imefungwa na uzi. Sikumnyang'anya, nikamwambia mzee wangu wewe andika kama kawaida, jioni tunakaa nusu saa unanisomea mi nachapa. Wiki ya tatu akanigombeza eti nachapa kizembe, akavuta kiti akaanza kudonoa mwenyewe kwa kidole kimoja. Daftari bado liko mezani ila siku hizi anawekea kikombe.

– Sisi ilikuja kama amri. Jumatatu tunafika tunakuta mashine ya alama za vidole mlangoni na tangazo ukutani, basi. Siku ya nne mtu kaibandika jojo. Ofisini wakasema hawa wavivu hawataki kubanwa, kumbe mafundi wa karakana vidole vimeliwa na kazi mashine haiwasomi, wanasimama pale dakika kumi halafu wanaandikiwa wamechelewa! Wangetuuliza tu.

– Hili lilishapimwa zamani jamani. Watafiti Coch na French waliandika 1948 kuhusu kiwanda cha pajama kule Marion, Virginia, Marekani. Kundi lililopewa taarifa tu kwamba kazi imebadilika, uzalishaji ulishuka na ndani ya siku 40 asilimia 17 wakaacha kazi, makundi yaliyoshirikishwa kupanga hakuacha hata mmoja.

– Napingana kidogo. Miwani ya kinga kwenye grainda mimi sibembelezi mtu, huna miwani huwashi mashine. Ila miwani ipi haikwaruzi pua hapo niliwaachia wachague wenyewe.

– Mwenye uzi, usimnunie anayebisha sana, mara nyingi ndo anajua mfumo utakwamia wapi.

– Asanteni sana. Kwangu anayebisha ni dada wa mapokezi, ana alama zake za wino mwekundu na wa kijani kwenye daftari ambazo sijawahi kumuuliza maana yake. Kesho naenda kukaa naye anielekeze, kompyuta ntaiacha imezimwa kwanza.