Kwanini siku hizi kila kitu "haijawahi kutokea"?

Mchangani83:
Wakuu habari za jioni. Hili jambo linanikera naomba tulijadili. Siku hizi huwezi kusikia kitu kikasemwa kwa ukubwa wake. Mtaro ukijaa maji masaa mawili ni janga la taifa, msanii akitoa ngoma ni ya kihistoria, mechi ya ligi utasikia uwanja wa Mkapa wameingia watu laki moja wakati uwanja ule una viti 60,000 na kila mtu anajua. Kwenye siasa ndo usiseme. Mnakumbuka Juni 2023 Bunge liliporidhia ule mkataba wa bandari na Dubai? Hawa wanasema nchi imeshauzwa, wale wanasema umaskini kwaheri, ukimuuliza mtu anazungumzia kifungu gani unaitwa msaliti au chawa. Suala la muda wa mkataba lilikuwa hoja nzito kabisa, likapotelea kwenye makelele. Je ni mitandao imetufikisha hapa au ndo tulivyo siku zote?

BiMakorora:
Mi natofautiana na wewe kidogo kaka. Chuku kwenye maongezi ya kawaida haina ubaya, shoga yangu akiniambia kaningoja stendi mpaka kaota mvi hakuna anayedanganyika hapo, ndo utamu wa kuongea. Hata watani msibani wanatia chumvi na watu wanacheka, kwasababu wote wanajua ni utani. Ubaya unaanza pale msikilizaji hana namna ya kujua kipi chumvi kipi kweli. Yule anayeuza dawa ya majani kwenye spika, anakwambia inatibu sukari, presha, uzazi na macho, mtu anaacha kwenda kliniki. Huyo simcheki hata kidogo.

Mzee wa Pwani:
Sisi wa kusini tuliliona kwenye kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya hali ya hewa ilitoa tahadhari vizuri tu, upepo, mawimbi, mvua kubwa, mikoa ikatajwa, boti za Zanzibar zikasimama. Lakini magrupu ya WhatsApp yakageuza, mara Dar inafutika, mara watu waage ndugu zao, na video za vimbunga vya nchi za watu zinasambazwa eti ni Mafia. Kimbunga kikapungua nguvu kilipofika nchi kavu, Dar kukapambazuka watu wanacheka, "kimbunga chenyewe ndo hiki?" Wakati wanacheka, barabara ya Lindi imekatika huku Somanga, madaraja yamekwenda na maji, abiria na mizigo wamekwama. Sasa ikija tahadhari nyingine nani ataihama nyumba yake? Hilo ndo linaniuma.

kijana_wa_data:
Mzee umemaliza. Niongeze tu kwamba anayeendesha chaneli analipwa kwa watazamaji, akiandika "mvua kubwa kunyesha pwani" habonyezwi, akiandika "MUNGU WANGU, DAR INAZAMA" anabonyezwa. Kwahiyo atakuza tu mpaka tuache kubonyeza.

NeemaTz:
Jamani na upande wa pili tuuseme. Mtaani kwetu maji ya bomba yalikatika muda mrefu, tukaandika barua ya kistaarabu, hakuna aliyejibu. Siku mama mmoja aliposimama kwenye mkutano akasema watoto wanakufa na kiu, mafundi wakaja wiki ileile. Watoto walikuwa hawafi, ila walikuwa wanachelewa shule kwa kubeba ndoo. Mtu wa kawaida akisema jambo lilivyo hasikilizwi, sasa afanyeje?

Mchangani83:
Dada Neema hiyo sikuifikiria kabisa na ina uzito. Basi lawama nyingi ziende kwa wakubwa waliozoea kuamka kwa kelele tu. Ila bado ningependa yule mama aseme watoto wanakosa kipindi cha kwanza kila siku kwa ajili ya ndoo, na hiyo iwatoshe kuleta fundi, kwasababu wakija wakakuta hakuna aliyekufa, mtaa unaofuata hawataenda hata kama kweli kuna kipindupindu. Mzee wa Pwani, hebu tuambie, huko kwenu tahadhari iliyofanya watu wahame kweli ilitoka kwa nani, redio, mwenyekiti au msikitini?

Mzee wa Pwani:
Mwenyekiti. Alipita nyumba kwa nyumba na wavuvi wazee, akawa anaonyesha kwa kidole maji yatafika wapi.