Kafutia simu mtandio wangu! Fremu yao na wabaki nayo

BintiMitandio (mwanzisha uzi)

Salamu nitatoa baadaye, sasa hivi mikono inanitetemeka. Ndo kwanza nimetoka ofisini kwake, nimekaa kwenye ngazi za nje juani, naandika.

Yule bwana mpangishaji wa fremu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kutafuta fremu ya duka mjini hapa Unguja keshakaa mbele ya meza yake, kasubirishwa masaa mawili, kanusishwa manukato yake mpaka kichwa kikamgonga. Wa suti ya buluu na viatu vya ncha. Huyo huyo. Na jengo mnalijua, lile lililovaa vioo juu mpaka chini, likipigwa na jua la saa nane unaweza kukaangia dagaa mlangoni. Si la serikali, msije mkaniingizia siasa.

Kafutia simu mtandio wangu, jamani. Simu!

Naanza mwanzo. Mwaka juzi jengo lile lilikuwa tupu. Duka moja la simu na mlinzi, basi. Ukikohoa chini, unajibiwa na ghorofa ya tatu. Bwana huyu akawa anapita sokoni Darajani mlango kwa mlango, kashika karatasi zake, jasho linamtiririka: "Mama, njooni, jengo linataka watu, kodi tutazungumza." Mie mjinga wa Mungu nikamuonea imani. Nikauacha mlango alioukodi marehemu mama kabla sijaanza skuli. Nikaacha baraza, nikaacha wateja wanaokaa wakapumzika, wakanywa maji, wakanunua bila ya haraka. Nikaingia kwenye vioo. Rangi nimepaka kwa pesa zangu, rafu zangu, taa zangu. Mita 12 za mraba, ukiukunjua mtandio mmoja kwa marefu, ncha iko nje kwenye korido.

Na watu tuliwaleta sie. Mie, yule bibi wa mabaibui na yule kijana wa udi. Kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita wanawake walijaa mpaka lifti ikagoma na watoto wamo ndani wanalia. Nani aliwaleta? Suti ya buluu?

Leo mkataba umekwisha, nikaitwa. Nikajua naitwa kutia saini. Nikamchukulia mama yake hadiya, mtandio wa shifoni, rangi ya maziwa, kingo zote zimeshonewa ushanga kwa mkono na binti mmoja wa Jang'ombe. Siku mbili kainamia ule ushanga. Nimeufukiza udi, nimeukunja vizuri, nimemuwekea mezani: "Huu wa mama, mpe na salamu zangu."

Akaukunjua. Nikadhani anautazama. Akachukua simu yake, akaipulizia pumzi kiooni, *haah*, akaifuta na mtandio. Akaigeuza, akafuta na mgongo. Akaufinyanga ule mtandio kama tambara la jikoni, akautua mezani, na kikombe chake cha chai akakiweka juu yake. Hapo ndo akafungua mdomo: "Mama, biashara yako haiendani tena na taswira ya jengo."

Taswira! Lilipokuwa tupu, popo wakilala kwenye dari, taswira ilikuwa wapi?

Kumbe inakuja supamaketi na mgahawa wa kahawa, wanautaka upande wetu mzima, kuta zitavunjwa. Mie nikapewa "nafasi mbadala". Mnajua iko wapi? Chini ya ngazi, ubavuni mwa choo cha wanaume. Bei ile ile! Mita 12, dola 25 kila mita, dola 300 kwa mwezi. Juu yake gharama za huduma dola 4 kila mita, yaani 48 nyingine, za lifti ambayo mie wa chini siipandi. Miezi sita mbele, na amana ya kodi ya miezi mitatu. Piga hesabu: 1,800, na 288, na 900. Dola 2,988 kabla sijauza hata pini.

Na karatasi wameiandika kijanja. Tangu 2025 kanuni za Benki Kuu zimekataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni, basi wao wameandika shilingi, halafu chini kwa herufi za sisimizi: kiasi kitabadilika kulingana na dola. Hiyo ni dola iliyovishwa kanzu!

Mtandio wangu nauza alfu 15, faida alfu 4. Dola 348 kwa mwezi, tuseme dola ni shilingi 2,500, ni 870,000. Niuze mitandio 218 ndo nilipe kodi, sijala, sijamlipa msichana wa dukani, sijalipa ushuru, sijarudisha mtaji. Mitandio 218 kila mwezi, ubavuni mwa choo! Wateja wangu wanakuja na mama zao.

Nilipomwambia haya alitazama ile simu yake safi.

Inang'aa. Kwa mtandio wa mama yake.

Kila pembe sasa inajengwa. Darajani kumejengwa upya, Michenzani kuna mall ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, Mwanakwerekwe soko jipya, Jumbi soko jipya, na watu binafsi nao kila mwenye kiwanja anaota vioo. Sawa, watu tumeongezeka, sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa 1,303,569, ya 2022 tukawa 1,889,773. Watalii mwaka 2024 wamepita laki saba. Lakini mtalii hanunui mtandio wa Sikukuu! Anayenunua ni mwalimu wa skuli na mke wa mvuvi, na hao ukiwapandishia alfu mbili tu wanaondoka. Majengo haya wanajengewa nani? Na 2020 watalii walipokatika, nani alibaki kuuziana na nani? Si sisi kwa sisi?

Nikasimama. Nikakinyanyua kile kikombe, nikauchukua mtandio wangu. Una duara la chai katikati, kubwa kama kitumbua. Hakuniambia hata samahani. Kaniambia, "Mama, funga mlango, ubaridi unatoka."

UBARIDI UNATOKA.

Kama kuna mtu anajua mlango Darajani, hata nusu mlango, hata wa kuchangia na muuza viatu, aseme. Mie pale sirudi.

---

KijanaWaNgambo

Pole dada, lakini hadiya umpelekee mwenye fremu kabla hujaujua mkataba? Ungempelekea kalamu!

---

UmmuSalma

Nimesoma nimetetemeka. Mie mwaka jana aliniambia harufu ya vitumbua vyangu inapanda ghorofa ya pili na "inawachanganya wateja". Wateja wenyewe walikuwa wanashuka kuvinunua! Huyu bwana ana tatizo na kila kinachotengenezwa na mkono wa mwanamke.

---

DalaliMstaafu

Binti, nakuambia ukweli mchungu. Mlango uliouacha Darajani naujua. Aliyeuchukua ni kijana wa vifuniko vya simu, na ukimtaka atoke atakudai kilemba, pesa ya kuachiwa mlango, ambacho kwa hiyo mitandio yako utakilipa mpaka uitwe bibi. Mlango wa urithi hauachwi kwa maneno ya mtu mwenye karatasi. Ungemuacha mdogo wako aukalie.

---

BintiMitandio

Mzee wangu, nashukuru, lakini sikuuliza nilikosea wapi. Kafutia simu.

---

MkaaziWaZamaniDar

Tuelewane namna biashara hii inavyokwenda. Mwenye mall anampa supamaketi kodi ndogo kwa mita, kwa sababu anaamini ndiye anayevuta watu. Pengo hilo analijazia kwa wenye maduka madogo, ndio maana wewe wa mita 12 unalipa zaidi kwa mita kuliko yule wa mita elfu. Dar tumeyaona tangu mall ya Mlimani City ilipofunguliwa 2006. Yote sawa mpaka huyo mkubwa aanguke. Supamaketi ya Nakumatt ya Kenya ilichukua maduka ya wenzao wa Shoprite Dar mwaka 2014, watu wakapiga makofi. Miaka michache tu rafu zikawa tupu, na 2020 ikaingizwa kwenye ufilisi. Mkubwa akifunga, wadogo waliokuwa wakiishi kwa kivuli chake wanabaki wanatazamana na mlinzi.

Na hivi vioo pia. Mall ya kwanza iliyofungwa pande zote ikatiwa mitambo ya joto na baridi ilijengwa Minnesota, Marekani, Southdale, 1956. Kule baridi inauma mpaka masikio, wakaona wawafungie watu ndani wanunue kwa raha. Sisi tuna upepo wa bahari bure mwaka mzima, tunajifungia kwenye sanduku la kukimbia theluji, kisha tunagawana bili ya umeme.

---

FundiWaUmeme

Hapo kwenye umeme umegusa donda. Mmesahau Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Miezi mitatu kisiwa kizima giza. Maduka ya baraza yaliuza na taa za chemli. Ikirudi ile, kwenye vioo hivyo watu watatolewa wamechemka kama pweza.

---

KijanaWaNgambo

Ile 2009 nilikuwa nafanya mtihani kwa mshumaa, nyusi ziliungua. Mpaka leo upande mmoja hauoti vizuri.

---

MpembaWaWete

Nyie Unguja mnagombania lifti na ubaridi. Sie Pemba mtu akitaka mtandio wa maana aagize mjini, apande boti, mzigo ukadiriwe kwa macho na mtu ambaye leo anakwambia hivi na kesho anakwambia vile. Juzi nimelipia katoni moja ya nguo bei ya mbuzi. Anzisheni uzi wa hilo.

---

BiMkubwaWaMalindi

Mwanangu wa mitandio, doa la chai litoe leo leo. Ndimu na chumvi, usugue taratibu, usitumie maji ya moto yatalipika likae milele. Shifoni usiikamue.

---

BintiMitandio

Ahsante mama yangu. Lakini sitaki litoke. Nitautundika kama ulivyo nyuma ya mlango wa duka nitakalopata, kila asubuhi niuone.

---

UmmuSalma

Shoga, duka la nini? Uza kwenye WhatsApp na Instagram kama sisi. Piga picha barazani asubuhi mwanga ukiwa laini, bodaboda anapeleka. Hakuna amana, hakuna suti.

---

DalaliMstaafu

Na mteja anayetaka kukishika kitambaa kwanza? Mwanamke wa Zanzibar hanunui nguo bila ya kuifinya kwa vidole.

---

UmmuSalma

Wangu wananunua. Tatizo ni bando. Nikipandisha picha kumi bando la wiki limekwisha Jumanne.

---

MpembaWaWete

Bando mnalo, boti mnazo, mall mnazo. Haya.

---

KijanaWaNgambo

Jamani, katika jengo hilo hilo ghorofa ya juu mmeona bei ya urojo? ALFU KUMI. Bakuli la udongo la mapambo, bajia mbili, kachiri vipande vinne nimevihesabu. Na wameweka kijiti cha mwavuli kama juisi ya watalii!

---

FundiWaUmeme

Alfu kumi?? Forodhani kwenyewe penye watalii hawathubutu.

---

BiMkubwaWaMalindi

Kachiri vinne ni nini? Urojo bila ya kachiri ya kujaza mkono ni maji ya embe. Walitia na chatini ya nazi?

---

KijanaWaNgambo

Chatini wanauza mbali, bi mkubwa. Alfu moja kijiko.

---

MkaaziWaZamaniDar

Kijiko kikubwa au cha chai?

---

BintiMitandio

Jamani, kuhusu mlango wa Darajani hakuna aliyesikia chochote?

---

KijanaWaNgambo

Cha chai! Na mishkaki ilikuwa imekatwa kama ya paka. Anayejua urojo wa kweli maeneo ya Kikwajuni aseme, niko njiani na njaa inaniuma.

---

FundiWaUmeme

Nenda saa kumi na moja, usichelewe. Kuna mama anakaa karibu na uwanja, sufuria yake ikifika Magharibi haina kitu.

---

MpembaWaWete

Na mwenzenu wa Wete atumiwe kwa boti?